Sharti Moja la Mama Aziza

Tangu nirudi, kila anayekatiza mbele ya banda langu la kutengeneza simu hapa Kahama anataka kujua nilifuata nini Rwanda, na kila mmoja nimemwambia kipande. Matokeo yake habari zimekaa ovyo. Wapo wanaosema nilikwenda kununua cherehani, na fundi viatu wa jirani anaapa kwamba nilikwenda kuoa. Haya, kaeni niwaambie yote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya tiketi na mihuri nayaruka, hayana utamu.

Kwanza mjue nilichofuata. Mnajua jioni zangu huishia kwenye kompyuta, bila malipo, na mama watoto alishanisamehe. Mimi ni mmoja wa watu wa kujitolea, waliotawanyika nchi nyingi, wanaotengeneza mfumo wa kompyuta ambao yeyote anaweza kuutumia, kuufungua, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Kila programu iliyomo tunaiita kifurushi, na kila kifurushi kina mlezi wake. Mimi nalea kimoja tu, cha mafundi cherehani: unaingiza vipimo vya mtu, programu inakuchorea karatasi ya kukatia kitambaa. Aliyeiandika ni Idrisa wa Gisenyi, kule Rwanda, lakini hesabu zote za ndani ni za shangazi yake, Mama Aziza, aliyekaa kwenye cherehani tangu msichana.

Tatizo lilikuwa sentensi moja. Mama Aziza alimwambia Idrisa aandike kwenye leseni, yaani masharti ya kuitumia programu, kwamba ni marufuku kutumia michoro yake kushona nguo za askari. Sisi sheria yetu inasema hakuna kumbagua mtumiaji, wala kubagua kazi anayoifanya. Mkaguzi wetu wa leseni, Mjerumani mmoja ambaye sura yake sijawahi kuiona lakini ukali wake naujua, akaandika: sharti litoke kabla toleo jipya halijafungwa Jumatano, la sivyo kifurushi chenyewe kiondolewe kwenye mfumo. Na dada yangu Kabula, mnamjua, anafundisha kina mama ushonaji kwa kompyuta kuukuu zisizo na intaneti. Zile zinapata kilichomo kwenye diski ya toleo tu, basi. Kifurushi kikiondolewa, kina mama wake wanarudi kubahatisha na chaki.

Mama Aziza tulimwandikia, tukampigia. Jibu likaja kupitia Idrisa: "Mutu anataka kitu yangu, akuje anione." Nikafunga banda Ijumaa, nikaenda.

Kahama mpaka Rusumo

Kabula alinifungia mchele wa kumpelekea mwenyeji, kilo za kutosha, tena ule wenye harufu. Akautia kwenye mifuko ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Hata kwetu mifuko hiyo imepigwa marufuku, lakini dada yangu ana akiba ya zamani na haoni kwa nini aitupe.

Basi lilitakiwa kupita Kahama saa kumi na mbili asubuhi, likapita saa tatu. Kondakta alipoulizwa akasema "njia" tu, kana kwamba neno hilo linatosha. Nyakanazi tukashuka kula. Nilipewa wali kuku ambamo kuku alikuwa amepita tu kusalimia, nikagomba, mama lishe akaniongeza kipapatio na kunipa pole, na hasira zikaisha hapo hapo. Mimi ndivyo nilivyo, nawaka haraka na kuzimika haraka.

Rusumo tukashuka na mizigo. Afisa wa Kinyarwanda, mpole kabisa, akaugusa mfuko wangu kwa kidole kimoja na kusema huu hauingii. Nikadhani mchele hauingii. Nikaanza kumweleza ubora wake, unalimwa wapi, hata akaunusa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mchele ni mzuri sana, uingie, lakini nailoni ibaki Tanzania. Nyuma yangu foleni ndefu, na mimi sina gunia wala kikapu. Nikatoa suruali yangu ya pili kwenye begi, nikafunga miguu yote miwili kwa kamba za viatu, nikamimina mchele humo, nikafunga kiuno kwa mkanda. Ikakaa begani kwangu miguu ikining'inia mbele na nyuma. Afisa akanipigia saluti. Foleni nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao maana ningefanyaje.

Rusumo mpaka Nyabugogo

Ukivuka daraja la Kagera gari linahamia mkono wa kulia wa barabara. Nilijua, nimesoma, lakini mwili haukujua. Kila lori lililotokea mbele nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo, mpaka abiria wa pembeni yangu, bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, akaniwekea mkono gotini kunituliza. Hatukuwa na lugha moja. Alinipa ndizi mbivu, nikampa karanga, tukafika Kigali marafiki.

Nililala karibu na stendi ya Nyabugogo ili niwahi basi la kwanza. Jumamosi nikaamka kwa saa yangu ya mkononi, nikatoka na suruali yangu begani, nikakuta stendi kimya. Hakuna basi, hakuna muuza chai, hakuna mtu wa kukuvuta shati. Kumbe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima inashika majembe na mafagio kufanya kazi ya mtaa, na magari hayatembei mpaka saa tano. Na kumbe tena saa yangu ilikuwa bado ya Tanzania, mbele kwa saa nzima. Nikahesabu muda wa kusubiri, moyo ukaniuma.

Mzee mmoja aliyekuwa anafagia mtaro akaniita kwa ishara na kunipa fagio. Nikaweka mchele chini, nikafagia. Alikuwa amewahi kuishi Bukoba, na Kiswahili kikamrudia kidogo kidogo tulivyoendelea. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza habari za mfumo wetu, watu wanavyojitolea, hakuna anayelipwa. Akasimama, akatazama mtaro mzima uliosafishwa, akaniuliza kama na sisi tunakutana Jumamosi. Nikasema sisi hatukutani kabisa. Akanionea huruma waziwazi.

Nyabugogo mpaka Gisenyi

Barabara ya kwenda ziwani ni ya kupanda na kushuka, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi mtu wa tambarare nilikuwa nimevaa shati moja. Karibu na Kanzenze tukasimama muda mrefu, lori la viazi lilikuwa limelalia ubavu na barabara imejaa viazi. Dereva wake mzima, amekaa pembeni anakula mkate. Watu wa pale waliviokota vyote na kuvirudisha kwenye magunia, na abiria tukashuka kusaidia. Nilijikuta nikiokota viazi kwa bidii huku nikihesabu siku: leo Jumamosi, kesho Jumapili, Jumatano toleo linafungwa.

Nilitumia muda uliobaki kurudia hotuba yangu. Nilikuwa nimeitafsiri sheria yetu ya leseni kwa Kiswahili safi, kurasa sita, nimezichapa na kuzibana. Nilijivunia kurasa zile, nawaambia ukweli. Nilidhani Mama Aziza hajaelewa tu, akisomewa vizuri mambo yatakwisha.

Idrisa alinipokea stendi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimjua kwa herufi tu, na kwa herufi ni mtu mkavu, haongezi neno. Kumbe ni mnene, mcheshi, anaongea bila kupumua. Aliitazama suruali begani kwangu. "Mi nilijua utakuja mumoja," akasema. "We umekuja wawili."

Chumba cha kushonea

Mama Aziza ana chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani tatu, meza moja ndefu ya kukatia. Ni mama mfupi, futi ya kupimia shingoni, pini kwenye upindo wa mtandio. Hakuanza na salamu. Aliitua suruali mezani, akaipapasa kiunoni, akafuata mshono kwa kidole mpaka kwenye pindo, akauliza ni fundi gani aliyenifanyia ubaya huu. Nikamtaja. Akasikitika kama aliyesikia msiba, akamimina mchele kwenye beseni, akaitundika suruali ukutani na kuniambia ataitengeneza. Nikajaribu kukataa, lakini alikuwa ameshageuka kutafuta chai.

Tulikula sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na ugali wa muhogo, na sombe, kisamvu cha kwao. Nilikula mpaka nikaona haya. Baada ya hapo, kwa haraka ya mtu mwenye siku nne, nikatoa kurasa zangu sita.

Jamani. Nilisoma zote. Alikuwa anashona, hakusimamisha cherehani, nami nikapandisha sauti. Nilipofika kwenye kubagua watumiaji, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Donc, kila mutu anaweza kutumia," akasema.

"Kila mtu, Mama. Hata tusiyempenda. Sheria haichagui."

"Hata mwenye anaenda kuua batu?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo hilo, maana kwenye mabishano yetu ya barua ndilo la kwanza kuulizwa, na jibu lake tunalijua kwa kichwa. Nikasema hata yeye.

Hakukasirika. Aliniambia nimesafiri mbali, nipumzike, akarudi kwenye kazi yake. Idrisa alinitoa nje na kuniuliza, safari hii bila utani, kama nina akili timamu. Nikamuuliza kosa langu nini. Akasema hilo si lake kuniambia.

Mpaka Grande Barrière na kurudi

Jumapili Mama Aziza alikuwa na magauni ya kumpelekea mteja wa Goma, waliyepatana kukutana mpakani. Akaniambia nimbebee. Tulitembea kando ya ziwa, polepole, yeye akisalimiwa kila hatua na kuuliza hali ya watoto wa watu wote. Pale Grande Barrière, kituo kikubwa cha kuvukia kwenda Goma, upande wa Kongo, tukasubiri. Kina mama walikuwa wakipita na mabeseni ya nyanya na samaki, wanajuana na askari wa zamu kwa majina. Mteja alichelewa, na katika kuchelewa kule ndipo Mama Aziza aliponieleza. Alisema akitazama upande wa pili, si mimi.

Zamani, akiwa msichana, alishona Goma kwenye karakana kubwa. Ikaja oda ya sare, nyingi sana, na yeye ndiye aliyekuwa anakata mashati. Hakuuliza ni za nani. Alifurahia kazi ile, alisema, alikuwa hodari kuliko wote. Wiki chache baadaye mdogo wake, Saidi, akaja kumuaga. Amevaa shati moja katika yale. Mama Aziza alilijua kwa kola, maana kola alikuwa na namna yake ya kuikata.

"Mikono ilikuwa mirefu," akaniambia. "Saidi alikuwaka mufupi. Mi mwenyewe nikamukunjia, nikamupigia sindano mbili kila upande, akaenda. Hakurudiaka."

Nilizifikiria kurasa zangu sita na jinsi nilivyopandisha sauti juu ya cherehani, aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba radhi. Akasema mimi sikujua. Mteja akafika, wakabishana kuhusu urefu wa gauni kwa furaha kubwa, tukarudi.

Jioni hiyo nilimwambia Idrisa kwamba sitamwomba tena. Kifurushi na kitoke. Nikampigia Kabula, akasema kina mama wake watakata kwa chaki, hawajafa. Lakini niliisikia sauti yake ilivyoshuka. Nawaambieni ukweli wangu, usiku ule nilitamani kuwa na kazi nyingine kabisa.

Mkasi wa Espérance

Jumatatu nilifunga begi. Mama Aziza akasema sitoki mpaka saa nane, kuna jambo, na suruali haijaisha. Jambo lenyewe lilikuwa la Espérance, dada mmoja wa Nyakiriba aliyejifunza kwake miaka miwili na siku hiyo anahitimu. Wazazi walikuja na kikapu cha karoti na maziwa mgando. Mama mzazi alikuwa amevaa gauni lililoshonwa na binti yake, na hakuwa anakaa chini, ili watu walione.

Mama Aziza ana desturi yake. Kila mwanafunzi anapoanza, vazi la kwanza ambalo mwanafunzi huyo analiharibu, yeye analiweka. Siku ya kuhitimu anafunga mkasi mpya ndani ya kitambaa hicho hicho kilichoharibiwa, anamkabidhi. Espérance alipolitambua shati lake la kwanza, mkono mmoja umepachikwa nyuma mbele, akalia na kucheka kwa pamoja. Mama Aziza akamshika mikono yote miwili.

"Ulipokuwa kwa meza yangu ulikuwa na masharti," akamwambia. "Leo unatoka, mi sina sharti juu yako. Niko na ombi moja. Nguo ya kuendea kuua, usimushonee mutu."

Espérance akasema amesikia. Mkasi ukatoka mlangoni na mwenyewe, wazazi nyuma, vigelegele mpaka barabarani.

Mimi nilibaki nimesimama na kikombe cha maziwa mkononi. Nikamuuliza Mama Aziza, taratibu, mbona yeye hakumpa Espérance sharti. Binti huyo naye anaweza kupata oda ya sare kesho, tena nzuri.

"Anaweza," akasema. "Mutu mwenye amehitimu hauwezi kumufunga. Ukimufunga, hajahitimu."

"Na akishona?"

"Atashona anajua mi nilimuomba." Akakunja futi yake. "Hiyo njo nguvu yenye niko nayo. Sina ingine."

Nikakaa chini. Nikamwambia kwamba sheria yetu yote, kurasa sita, inasema hilo tu. Programu ikishatoka mikononi mwetu imehitimu, hatuwezi kumfunga anayeichukua. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaotukataza kumwomba. Nilikuwa nimeibeba sheria ile kutoka Kahama na sikuwahi kuliona hilo ndani yake, kwa sababu sisi tukikutana na sentensi tunauliza tu kama inaruhusiwa au hairuhusiwi.

Mama Aziza akaiweka futi mezani. "Yaani ulitoka Kahama," akasema, "kuniambia kitu minasemaka kila mwaka?"

Idrisa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafungua kompyuta, na shangazi yake akasema aandike vile vile anavyotamka, asimnyooshee Kiswahili. Sharti likatoka kwenye leseni. Mahali pake tukaweka ombi, na likawekwa chini ya kila mchoro unaochapwa, uwe wa gauni au wa kaptula ya shule:

"Mwenye unakata na hii mukato, ninakuomba: usimushonee mutu nguo ya kuendea kuua. Saidi, ndugu yangu, alivaa yenye mi nilishona. Mama Aziza, Gisenyi."

Akatuuliza kama linaonekana. Idrisa akachapa karatasi moja. Mama Aziza aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye kisanduku cha vifungo.

Tulituma hapo hapo. Nikaahirisha safari, Jumanne nzima tukakaa tukifungua na kufungua tena barua pepe, Mama Aziza akitulisha kila saa kwa sababu alisema tunakonda mbele ya macho yake. Saa kumi jibu la mkaguzi likaja, ujumbe mzima maneno matatu: "Ombi linaruhusiwa. Kimepita." Hesabuni wenyewe, hata salamu hakuweka. Idrisa akamkumbatia shangazi yake akamnyanyua juu, pini zikamchoma, wakapiga kelele wote wawili.

Gisenyi mpaka nyumbani

Kurudi hakukuwa na jambo. Mchele haukuwepo, nikabeba karoti za Nyakiriba kwenye mfuko wa kitenge alionishonea Mama Aziza, na afisa wa Rusumo akanitambua na kuuliza suruali iko wapi. Nilikuwa nimeivaa. Nikageuka aone.

Diski ya toleo jipya Kabula ameshaisambaza kwenye kompyuta zake. Siku ya kwanza kina mama walichapa mchoro wa sketi, mmoja akalisoma lile ombi kwa sauti, kisha wakaendelea kukata. Karatasi ile Kabula ameibandika ukutani.

Jambo la mwisho sikulitegemea. Kwenye mfumo wetu maneno ya programu hutafsiriwa na wanaojitolea, kila mtu kwa lugha yake, kwa wakati wake, na mengi hukaa miaka bila mtu kuyagusa. Wiki iliyopita nilifungua nione. Ombi la Mama Aziza lilikuwa limetafsiriwa kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya neno "fungua" na neno "hifadhi". La kwanza kabisa lilikuwa kwa Kijerumani, na aliyelitafsiri ni mkaguzi wetu. Lugha zilizofuata sizijui hata moja.

Nikampigia Mama Aziza. Nikamtajia lugha moja moja, naye akasikiliza, nyuma yake cherehani zinakimbia. Akaniuliza kama katika zote hizo jina la Saidi wameliandika.

Nikamwambia ndiyo. Jina halitafsiriwi, Mama, liko vile vile kila mahali.

Kisha akaniuliza ile suruali inanikaaje.

Nikamwambia inanikaa vizuri.